Dramu za roki na miaka 61: ni uzee ama ni vile unavyopiga?

Swali nimelifupisha manake lilikuwa refu sana. Ni mzee wetu mmoja wa Bamburi, ana miaka 61, anapiga dramu tangu miaka ya 80 wakati hoteli nyingi za North Coast zilikuwa na bendi ya kupigia watalii, na saa hii yuko na vijana fulani wanapiga kava (nyimbo za wengine) za roki za zamani wikendi, Nyali na Mtwapa. Anauliza hivi: "Daktari, kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma kuanzia seti ya pili. Kiki za haraka (mapigo ya ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) zimenitoka kabisa. Kijana wa gitaa aniambia naburuta, nachelewa nyuma ya mwendo. Na kinachonikera zaidi, kila nikikaa kwenye dramu natoa roli (yale mapigo ya kujazia kati ya sehemu za nyimbo) zile zile za miaka 30 nyuma, hakuna kipya kinachokuja. Huu ndo uzee? Niache niende kwenye konga (ngoma za kupiga kwa viganja), ama ninunue pedali mbili za kupigia kiki kwa miguu yote nijaribu kurudi?"

Shikamoo ami. Mimi si daktari, ni mtu wa fizio, ila dramu napiga pia na wanamuziki wa hoteli nimewashika mabega na mikono miaka mingi, kwa hivo swali lako nalijua pande zote mbili. Uzee upo, sikufichi, lakini katika hayo manne uliyoyataja uzee unabeba lawama yote kwa moja tu, nalo ni hizo kiki. Hayo mengine ni mambo ambayo ungeyafanya hata na miaka 35, tofauti ni kwamba mwili wa 35 ulikuwa unakusamehe.

Tuanze na kiki tuimalize haraka. Misuli ina nyuzi za polepole ambazo zinavumilia kazi ndefu, na nyuzi za haraka ambazo ndo zinarusha mguu ukitaka kupiga kiki za mfululizo. Umri unapenda kula hizi za haraka kwanza. Msuli kwa jumla huanza kupungua ukishapita miaka 30, wataalamu hukadiria baina ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na ukishafika 60 kasi ya kupungua inaongezeka. Hapo hakuna mafuta ya kuchua wala kidonge kitakachokurudisha ulivyokuwa. Unachoweza ni kuchelewesha, na hilo halifanywi kwa kupiga dramu zaidi, linafanywa kwa mazoezi ya uzito. Simama kwenye kidato cha ngazi kwa vidole, visigino viko nje, shikilia ukuta, panda ushuke taratibu mguu mmoja mmoja mpaka kigimbi kiwake moto, leo ufanye kesho upumzike. Ni zoezi la bure na linasaidia. Lakini ile nyimbo ya mwisho ya vijana wako yenye kiki kama bunduki, itoe kwenye listi ama uipige nusu ya kiki, wanaocheza pale Mtwapa hakuna hata mmoja atakayezihesabu.

Sasa mkono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa umri wako wanapoachia dramu bila haja.

Kile kinachouma karibu na kifundo mara nyingi ni kano, zile nyuzi zinazofunga msuli kwenye mfupa. Kano hupata damu kidogo hata kwa kijana, na kadiri miaka inavyoenda inakauka maji na kuwa ngumu, ni kama kamba ya ngalawa iliyokaa juani, bado yavuta vizuri lakini haitaki kushtuliwa. Ikijeruhiwa kidogo zamani ulilala ukaamka umepona, sasa inaweza kuchukua wiki kadhaa, na wewe huipi hizo wiki kwa sababu Ijumaa ijayo kuna shoo. Hapo uzee umehusika kweli. Lakini uliza, mshtuko wenyewe watoka wapi?

Chukua stiki moja, ishike kwa kidole gumba na cha shahada tu, idondoshe kwenye snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, uiache. Itaruka, itaruka, itaruka, kila mara chini zaidi mpaka itulie. Ngozi ya dramu yenyewe ndo inayoirudisha. Sasa ishike vile unavyoishika kwenye kiitikio cha nyimbo ya mwisho, vidole vyote vimefunga, uipige. Ikigonga mara moja ikafa pale pale basi ujue ile nguvu ya kurudi haikupotea hewani, imeingia kwenye kifundo, ikapanda kigasha mpaka kiwiko, na wewe unafanya hivo maelfu ya mara kwa usiku mmoja. Alafu ziangalie stiki zenyewe. Zimeliwa wapi? Kama ncha bado ni nzima na shingo ya stiki imetafunwa mpaka imekuwa na manyoya, maanake haihati, zile simbali (sahani za shaba) mbili zinazofungwa kwa mguu, unaipiga kwenye ukingo kwa shingo ya stiki na kwa nguvu zote, na mimi sihitaji hata kukugusa mkono kujua unauma wapi.

Na kwa nini mtu mzoefu kama wewe anabana stiki? Sababu moja ni jasho, na hii ni ya kwetu kabisa. Februari na Machi hapa pwani ukipiga nje ama kwenye ukumbi wenye feni moja, mikono inaloa, stiki inateleza, unabana bila kujijua. Tafuta ule utepe wanaofungia mpini wa bati ya kriketi, duka la vifaa vya michezo utaupata, funga sehemu ya kushikia, utaona mkono wenyewe unalegea. Na kunywa maji kabla hujasikia kiu, manake umri unapunguza kusikia kiu, na kama uko kwenye dawa za presha zile za kukojoza muulize daktari wako kuhusu hilo jasho lote.

Sababu ya pili ni kubwa na hakuna anayeitaja. Ni masikio yako ami.

Dramu ikipigwa kiroki inapita desibeli 100 bila shida. Muongozo wa NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi, unasema desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Wewe umekaa hapo seti tatu kwa usiku miaka zaidi ya 30, na nina uhakika bila vizibo. Kelele ikiharibu sikio inaanzia sauti za juu, karibu na hezi 4,000, na huko juu ndo kunakaa ule mlio wa ncha ya stiki kwenye simbali na ule mchakacho wa nyaya za snea. Kwa hivo mwenyewe hujisikii vizuri. Ubongo unaambiwa "unapiga pole", nawe unaongeza nguvu, kumbe watu wa meza ya mbele washaziba masikio. Mkono unalipa deni la sikio. Ndo maana nikiletewa mpiga dramu mzee mwenye kifundo kibovu namuuliza kwanza kama televisheni nyumbani wanamwambia iko juu sana.

Nenda ukapimwe masikio, ni kipimo kifupi na hakina maumivu. Halafu tafuta vizibo vya wanamuziki, vile vyenye kichujio kinachopunguza sauti zote sawasawa. Usiweke pamba, pamba inakata sauti za juu na kukuachia tope la besi, utapiga kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Na gitaa la huyo kijana lishushwe, manake amplifaya yake ikiwa nyuma ya sikio lako la kulia mambo yote niliyoandika hapa ni bure.

Kabla sijasahau, kapime na sukari. Huku kwetu imejaa na wengi hawajui wanayo, nayo inakamata bega likagoma kupanda, inafanya vidole vikwame ukivikunja, na inasaidia kubana ule mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo. Ukiamka usiku gumba na vidole viwili vinavyofuata vina ganzi, ama stiki inakudondoka bila sababu, hapo usinisubiri mimi, ende kwa daktari. Phil Collins, mwimbaji na mpiga dramu wa bendi ya Genesis, aliumia pingili za shingo, neva za mikono zikaathirika baada ya ziara yao ya 2007, akafika mahali anafungia stiki kwenye mikono kwa utepe, na bendi iliporudi jukwaani 2021 aliyepiga dramu ni mwanawe Nic, yeye ameketi mbele anaimba. Kwa hivo ganzi si kitu cha kuchekea.

Nakuletea wapiga dramu wawili wengine ili ujue nazungumza nini nikisema kupiga kwa akili. Charlie Watts wa Rolling Stones alipiga na wenzake mpaka Agosti 2019 akiwa na miaka 78, kwenye viwanja vya mpira, na dramu yake ilikuwa ndogo kuliko za watoto wa siku hizi. Ukimtazama utaona akipiga snea mkono wa haihati anauondoa, haupigi. Kila pigo la snea alikuwa anajiondolea pigo moja la haihati, sasa zidisha kwa usiku mzima, zidisha kwa miaka. Sijui kama alifanya kwa kupumzika ama ni mazoea yake tu, lakini mwili wake ulifaidika na muziki ukapata pumzi. Wa pili ni Neil Peart wa Rush. Huyu alikuwa na zaidi ya miaka 40, dunia nzima inamwita mkubwa, akaenda kwa mwalimu mzee anaitwa Freddie Gruber akaanza upya namna ya kushika stiki na namna ya kukaa. Fikiria hio heshima ya kujishusha. Lakini nisikudanganye kwa huyo pia, mwaka 2015 akiwa na miaka 62 mabega na kano zilimshinda akastaafu ziara, kwa sababu muziki aliojitungia ulikuwa mzito saa tatu mfululizo. Ufundi unakuongezea miaka, haukupi milele.

Na usichukulie kwamba hii kazi ni ya kukaa tu kwenye stuli. Clem Burke, mpiga dramu wa bendi ya Blondie, alikubali kupimwa na watafiti wa vyuo vya Uingereza wakati wa shoo, moyo wake ulikuwa unaenda wastani wa mapigo 140 hadi 150 kwa dakika na kufika 190. Hio ni kazi ya mchezaji mpira. Wewe katikati ya wiki unafanya nini? Kama jibu ni kibarazani na kahawa basi usishangae seti ya tatu. Tembea asubuhi ufuoni kabla jua halijakali, mwendo wa kuhema kidogo, presha ikiwa imepimwa.

Hili la kuburuta silikubali wala silikatai mpaka nisikie. Weka simu ukutani urekodi shoo nzima, kesho yake pima tempo ya mwanzo wa kila nyimbo, ya katikati na ya mwisho, programu za bure za kupima ziko tele. Ukiona unashuka tu ukiingia kwenye roli, ni mkono. Ukishuka seti ya tatu peke yake, ni pumzi. Ukianza nyimbo polepole kuliko zamani tangu hesabu ya kwanza, hapo ni umri, kwa sababu mwendo ambao mtu anausikia "uko sawa" moyoni hushuka kadiri anavyozeeka, na dawa yake ni kusikiliza kliki (mlio wa metronomu unaoonyesha mwendo) sikioni kabla ya kuhesabu, basi. Lakini kuna jibu la nne ambalo huyo kijana wa gitaa hatalipenda: ukikuta wewe uko pale pale na yeye ndo anayekimbia. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Utulivu wa mapigo si kitu kinachokimbia haraka. Mwaka 1996 wanasaikolojia Ralf Krampe na Anders Ericsson walichapisha utafiti wa wapiga piano, vijana na wa umri wa karibu na wako. Kwenye vipimo vya kawaida vya wepesi, wapiga piano wazee walikuwa wamepungua kama wazee wengine tu. Ila kwenye kazi za vidole za piano, waliokuwa wanaendelea kufanya mazoezi ya makusudi hawakuachwa sana na vijana. Neno ni makusudi. Kupiga shoo kila wikendi si mazoezi, ni kutumia ulichonacho.

Ambapo ndo tunaingia kwenye roli zako, na hili ndo nilitaka kulifikia.

Unasema hakuna kipya kinachokuja na unadhani kichwa kimezeeka. Mimi nasema kichwa hakijaulizwa. Mikono yako inajua mengi mno, ikifika baa (kipande cha hesabu ya muziki) ya nane inajibu yenyewe kabla hujafikiri, na miaka yote hio imekuwa ikipewa makofi kwa jibu lile lile, mtalii wa 1988 alifurahi, mwenye hoteli akalipa, kwa nini ibadilike? Kijana wa miaka 20 anaonekana mbunifu nusu kwa sababu hajui kinachofuata. Wewe una hazina kubwa kuliko yake mara kumi lakini umefungua kabati moja tu. Bill Bruford, aliyepiga na bendi za Yes na King Crimson, aliacha kupiga hadharani 2009, akaingia chuo kikuu cha Surrey akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu ubunifu wa wapiga dramu, akamaliza 2016 akiwa na miaka 60 na kitu, alafu akipita 70 akarudi kupiga kwenye bendi ndogo ya watu watatu ya jazi. Hakurudi kupiga yale ya ujanani. Tony Allen, mpiga dramu wa Nigeria, naye alikufa 2020 akiwa na miaka 79 na mpaka miaka yake ya mwisho alikuwa anatoa rekodi na vijana, mkono mwepesi ajabu, ngoma nne zinaongea kila moja na lake.

Sasa jaribu hivi. Mazoezi yajayo ondoa tomu zote, zile dramu unazopigia roli. Ziweke kabisa nje ya chumba, ubaki na kiki, snea, haihati na simbali moja. Ikifika mahali pa roli mkono utaenda hewani kutafuta tomu, hautaipata, na hapo katika ile nusu sekunde ya kubabaika ndo kitu kipya kinapozaliwa. Wengine wanakasirika siku ya kwanza. Wewe usikasirike, rekodi.

La pili, wewe ni mtu wa Mombasa, umekulia kwenye harusi zenye chakacha, mwili wako unazijua zile ngoma za mizani ya sita kwa nane tangu unabebwa mgongoni. Huyo kijana wa gitaa kajifunza roki kwenye simu, wewe una kitu ambacho mpiga dramu wa London hana. Ile mizunguko ya msondo na chapuo ihamishe, msondo kwenye kiki, chapuo kwenye haihati ya mguu na ukingo wa snea, alafu juu yake weka pigo zito la roki, snea kwenye hesabu ya mbili na ya nne. Itapingana, itakaa vibaya mwanzo, usiilazimishe kwa nguvu, ipige kwa sauti ya chini sana. Pigo ukilipiga chini ndo unalisikia. Na haichoshi kifundo, ndo uzuri wake, maanake upungufu wa mkono unaanza kukuchagulia muziki badala ya kukunyima.

Na kuna ujanja mmoja wa wazee ambao naupenda sana. Mwanasaikolojia Paul Baltes alikuwa akimtaja mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye alipoulizwa akiwa na umri wa miaka 80 hivi anawezaje bado, alieleza kwamba anapiga nyimbo chache zaidi, anazifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya haraka anapunguza mwendo kidogo ili ya haraka isikike ya haraka zaidi. Kwenye roki huwezi kupunguza tempo, bendi itakutoka, lakini unaweza kupunguza idadi. Baa mbili kabla ya kiitikio acha haihati tupu na kiki moja moja, snea isiguswe. Kiitikio kikiingia na pigo la kawaida tu, watu watasikia kama umelipua kitu, na hukuongeza nguvu hata kidogo.

Konga usiende kwa kukimbia maumivu. Konga ni kiganja kitupu juu ya ngozi ngumu, kifundo kibovu kitalia zaidi, na ganzi ikiwepo ndo kabisa. Ukienda kwa sababu unaipenda, sawa, ila uponye mkono kwanza.

Pedali mbili pia usinunue. Mguu wa kulia ukichoka hautasaidiwa na wa kushoto ambao haujawahi kufanya hio kazi, utakuwa na miguu miwili inayoburuta na pesa zimeenda. Hizo pesa gawa: kipimo cha masikio, vizibo, na stuli nzuri inayopanda na kushuka. Stuli iweke juu kidogo kuliko ulivyozoea, nyonga ziwe juu ya magoti, mguu utaanguka kwenye pedali kwa uzito wake na kiuno kitapumua. Simbali nazo zishushe na uzisogeze karibu, kiwiko kisiwe kinapanda juu ya bega kila ukipiga. Fanya hayo kwanza kabla ya shoo ijayo, barafu dakika 15 kwenye kifundo ukishuka jukwaani ikiwa bado chauma, na ile rekodi ya simu nitumie nisikie nani kati yenu anakimbia.